Lini twende kupiga mbizi visiwani: upepo, mwezi na likizo za skuli



Kila mwaka ikikaribia likizo ya kiangazi napata swali lile lile kutoka kwa jamaa wa Muscat, Dubai, Doha na hata Kuwait: tunakwenda nyumbani na watoto, wanataka kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa, wakati gani ni mzuri? Nimelijibu mara nyingi kwa ujumbe wa sauti, mpaka mke wangu akaniambia afadhali niandike mara moja, kisha niwe natuma hicho nilichoandika. (Nasema kupiga mbizi, maana nikisema kuzamia wapo watakaodhani naeleza njia za kuingilia Ulaya.)

Jibu lenyewe nililipata kwa gharama. Miaka kadhaa nyuma niliwapeleka wanangu wawili Unguja katikati ya Agosti. Walikuwa wameshasoma na kupata vyeti vyao hapa Oman, kwenye visiwa vya Daymaniyat, na ahadi ilikuwa kwamba mbizi yao ya kwanza ya nyumbani tutaipiga pamoja Mnemba. Wakala aliyetukatia tiketi alituambia Zanzibar ni joto mwaka mzima na bahari ni ile ile. Tukachukua hoteli pwani ya mashariki, tukalipia siku nne za mbizi kabla hatujaondoka. Siku ya kwanza boti iligeuza njiani. Ya pili hatukutoka kabisa. Ya tatu tulitoka, binti yangu akatapika tangu tunavuka mwamba mpaka tunatia nanga, na chini ya maji nilikuwa nauona mkono wangu, mchanga unaoruka, na mengine kidogo sana. Ya nne alikataa kupanda boti, akalia. Pesa hazikurudi.

Jioni ile tulikwenda Mkokotoni kumuamkia mjomba wangu, ambaye ujana wake wote alikuwa nahodha wa jahazi. Nikamsimulia. Akacheka kwanza, kisha akasema: "Umekuja kusi, ukakaa joshini, na mwezi mchanga. Ulitaka nini tena?"

Mambo matatu: msimu wa upepo, upande wa kisiwa, na umri wa mwezi. Nitayaeleza kwa mpango huo huo, kisha nitasema neno juu ya ndege, ambalo ni la usalama na wala si la raha.

Upepo

Pemba, Unguja na Mafia ziko kati ya nyuzi 4 na 8 kusini ya ikweta. Huko hakuna majira ya baridi na joto kama ya kwetu huku Ghuba, ambako Januari unavaa sweta na Julai huwezi kugusa usukani wa gari. Kinachougawa mwaka visiwani ni upepo. Kaskazi unavuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Disemba mpaka mwanzoni mwa Machi. Kusi unavuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili mpaka Septemba, na nguvu zake hasa ni Juni, Julai na Agosti. Katikati yake kuna vipindi viwili vya kubadilika. Kimoja ni masika, kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei, mvua kubwa na upepo usiojua unakwenda wapi. Kingine ni ule mwisho wa kusi, Septemba mpaka Novemba, ambao manahodha waliuita demani, upepo mpole na bahari shwari.

Babu zetu waliokuja na majahazi kutoka Sur na Muscat hawakuhitaji kuelezwa haya. Walishuka na kaskazi wakiwa na tende na samaki mkavu, wakarudi na kusi wakiwa na boriti na karafuu. Na kuna jambo ambalo watoto wetu wa Oman hulifurahia wakielezwa: ule kusi unaochafua bahari ya Paje mwezi wa Julai haukomei Paje. Unavuka ikweta, unapinda kufuata pwani ya Somalia, na ukifika Dhofar ndio unaoleta ukungu na manyunyu ya khareef Salalah. Familia inayokaa kwenye nyasi za Salalah mwezi wa Agosti ikipigwa na ubaridi, inakaa ndani ya upepo ule ule. Ndiyo maana mbizi za Mirbat nazo husimama wakati wa khareef. Bahari mbili, sababu moja.

Kalenda ya Hijra haifuati upepo, kwa sababu miezi yake inarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua. Kwa hiyo wazee wa pwani walikuwa na hesabu ya pili, ya jua, inayoanzia Nairuzi, siku ile ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi mwezi wa Julai. Kuanzia hapo walihesabu miongo ya siku kumi kumi, wakajua mwongo fulani ni wa kupanda na mwongo fulani ni wa kusafiri. Kwa upepo walitazama Nairuzi, kwa maji walitazama mwezi. Mpiga mbizi naye anahitaji vyote viwili.

Kama huna budi, ni Julai au Agosti

Naanza na hapa kwa sababu wengi wetu hatuna hiari. Skuli zimefungwa, Muscat inaungua, na bibi yuko Wete anangoja wajukuu. Basi usikate tamaa, ila usifanye kosa langu.

Kusi unapiga mashariki na kusini. Pwani yote ya Matemwe, Kiwengwa, Paje na Jambiani iko joshini, yaani upande unaopigwa na upepo. Wanaofurahi huko wakati huo ni vijana wa tiara za kupandia mawimbi. Mpiga mbizi akae demani, upande uliokingwa. (Ndiyo, neno ni lile lile. Kwa manahodha demani ni msimu, na pia ni ubavu wa chombo usiopigwa na upepo.) Kwa Unguja huo ni upande wa magharibi: Kendwa na ubavu wa magharibi wa Nungwi, au Mji Mkongwe wenyewe.

Mbizi za Mji Mkongwe watu huzidharau, na mimi naona wanakosea. Miamba ya Bawe, Pange na Murogo iko karibu, boti haichukui muda mrefu, na kisiwa kizima kinakukinga na kusi. Kwa mtoto aliyepata cheti juzi ndiyo mahali pa kuanzia. Kuna hata mabaki ya Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandika nyaya za simu iliyozama 1902, kwenye kina cha mita 12 hivi. Na jioni mnarudi Forodhani mkala, mkatembelea jamaa, wasiopiga mbizi hawakuchoka kuwangoja.

Pemba ni bora zaidi, kwa anayejua kidogo. Sehemu zake za mbizi karibu zote ziko magharibi: Misali, mlango wa Fundo, mlango wa Njao, mpaka juu karibu na Ras Kigomasha. Kati ya Pemba na bara kuna mkondo wa kina cha mamia ya mita, kwa hiyo ukuta wa mwamba unashuka mpaka macho hayafiki na maji ni ya buluu hata katika miezi ambayo Unguja imechafuka. Misali wazee wa Pemba wana hadithi yake: Nabii Khidhri alifika akataka msala wa kusalia, ukakosekana, akakisalia kisiwa chenyewe kwa kuwa kimeelekea kibla. Jina ndipo lilipotoka. Nilimsimulia binti yangu tulipokuwa tunavaa mitungi, akauliza kibla ni upande gani akiwa chini ya maji. Sikuwa na jibu la haraka.

Mafia wakati wa kusi wanapiga mbizi ndani ya ghuba ya Chole, nje ya mwamba hawatoki mara nyingi. Ghuba hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa 1995.

Mambo mawili zaidi ya kusi. La kwanza, maji ni baridi kuliko mnavyofikiri. Agosti na Septemba hushuka mpaka nyuzi 25 hivi. Mtoto aliyezoea maji ya kiangazi ya Ghuba, ambayo ni kama chai iliyosahauliwa, baada ya dakika 40 atatetemeka. Ulizeni suti nene ya mpira, ya milimita 5, kabla hamjafika, maana saizi za watoto hazipatikani kila kituo. La pili ni zawadi: kuanzia Julai mpaka Septemba au Oktoba nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka bahari za kusini kuja kuzaa. Kuwaona ni bahati, lakini kuwasikia wakiimba ukiwa chini ya maji si jambo la nadra. Mwanangu wa kiume alisikia Pemba, akadhani ni injini.

Ukiweza kuchagua

Nikiulizwa mwezi mmoja, nasema Oktoba, na wa pili Novemba. Kusi umechoka, kaskazi haujaanza, pande zote za visiwa zinafikika, Mnemba inakuwa kama ilivyo kwenye picha. Siku njema Pemba unaona mita 30 na zaidi. Mvua za vuli zinakuja, lakini mara nyingi ni za saa moja mbili, na zikipita jua linatoka. Bei za hoteli nazo hazijapanda.

Tatizo ni skuli. Kwa familia zilizo na watoto, njia niliyoiona ni kuunganisha sikukuu na mwisho wa wiki: Sikukuu ya Taifa ya Oman ya Novemba, au ya Imarati ya 2 Disemba. Siku tano au sita zinatosha kama mtoto ameshapata cheti. Na kama bado, afanye masomo na mazoezi ya bwawani hapa Ghuba kabla ya safari, kisha amalizie mbizi za baharini kule. Vituo vingi vinakubali mpango huo, mradi mwalimu wa huku aandike karatasi ya kumkabidhi. Mnaokoa siku mbili ambazo vinginevyo mtoto angezimalizia ndani ya bwawa la hoteli huku bahari inamtazama. Umri wa chini wa cheti cha vijana ni miaka 10, na wa miaka 10 na 11 hawashuki zaidi ya mita 12, tena wakiwa na mzazi mwenye cheti au mwalimu.

Mapumziko ya katikati ya mwaka ya skuli, Disemba au Januari kutegemea nchi na skuli, yanaangukia kaskazi. Hapo geuzeni kila nilichosema juu: upepo sasa unapiga kaskazini na mashariki, na Januari unaweza kuwa mkali, Nungwi ikapata mawimbi. Kizimkazi na magharibi ya kisiwa zinakuwa na nafuu. Maji yamepata joto, nyuzi 28 na kupanda. Bei za mwisho wa Disemba ni za kuumiza, sina la kuwasaidia hapo. Anayeweza kungoja mpaka Februari atakuta upepo umeanza kulegea na bahari imetulia.

Hiyo ndiyo misimu ya papa potwe kule Mafia, kuanzia Oktoba mpaka Februari au Machi, upande wa Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana madhara. Anakula vijidudu vya majini kwa kuchuja. Lakini jueni mambo mawili msije mkagombana na mwenye boti. Potwe anatazamwa kwa miwani na mrija, bila mitungi, kwa hiyo hata bibi anayejua kuogelea anaweza kuingia. Na anafuata chakula, chakula kikiwa kingi maji yanakuwa na ukungu. Anayetaka potwe na maji ya kioo kwa pamoja anataka vitu viwili visivyokaa nyumba moja.

Aprili na Mei msiende kwa ajili ya mbizi. Nendeni kwa arusi, kwa msiba, kwa kumuona mama, lakini mitungi iacheni. Masika yanamwaga maji ya mito baharini, hoteli nyingi za pwani zinafunga, hasa Mafia, na boti zinapandishwa kutengenezwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Vimbunga ni nadra pwani yetu, lakini sasa hatuwezi kusema havifiki.

Mwezi

Hapa ndipo sisi tuna faida ambayo wageni wengine hawana, kwa sababu kalenda ya maji imo ukutani kwetu, nayo ni ya Hijra.

Maji ya bahari yanakuwa makubwa mara mbili kwa mwezi: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Hiyo ni bamvua. Unguja, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hufika mita 4 hivi. Maji hayo yote yanaingia na kutoka kwenye milango ya mwamba ndani ya saa sita, yanabeba mchanga, na mkondo unakuwa na nguvu ya kumchukua mtu mzima. Katikati yake, nusu ya mwezi, ni maji mafu: tofauti ni ndogo, mkondo ni mpole, na uwazi huwa bora. Kwa hesabu ya Hijra, bamvua ni mwezi mosi mpaka 3 au 4, na tena 14 mpaka 17. Maji mafu ni 7 mpaka 10, na tena 21 mpaka 24. Mtoto wa mbizi ya tano au ya sita mpelekeni maji mafu. Mwenye mbizi mia moja anaweza kuitaka bamvua makusudi, apeperushwe na mkondo kwenye mlango wa Fundo au wa Kinasi kule Mafia kama yuko kwenye gari la moshi, na samaki wakubwa wako hapo kwa sababu ya mkondo huo. Hayo si ya mwanafunzi.

Pwani ya mashariki bamvua ina kero nyingine. Siku hizo maji hupwa sana karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Wakulima wa mwani wanaingia kazini, na boti zinakaa juu ya mchanga. Kwa hiyo kituo kitakuamsha alfajiri au kitakutoa mchana. Si uvivu wao, ni mwezi.

Sasa tazameni sikukuu zetu. Idi Ndogo ni Mfunguo Mosi, mwezi mosi, kwa hiyo kila mwaka inaangukia bamvua, daima. Idi Kubwa ni mwezi 10 Mfunguo Tatu, mwishoni mwa maji mafu, daima. Kwa mwezi peke yake Idi Kubwa ndiyo ya wapiga mbizi. Bahati mbaya miaka hii inakuja Mei, ndani ya masika. Inarudi nyuma taratibu, na katika miaka ya mwanzo ya 2030 itafika Machi, tukijaaliwa uhai.

Idi Ndogo iko kinyume: mwezi si mzuri lakini upepo ni mzuri. Kwa hisabu, Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari na ya 2028 karibu na 28 Januari, basi Idi zake zinaangukia mwishoni mwa kaskazi, maji yana joto na bahari imetulia. Dawa yake ni kutokwenda mbio. Sikukuu zenyewe tembeleeni jamaa, mle biriani, mpeleke watoto Mnazi Mmoja. Anayefunga sita akianza siku ya pili ya Idi atamaliza mwezi 7, na siku hiyo hiyo maji mafu yameanza. Sijui mpango mzuri zaidi ya huo.

Ramadhani yenyewe vituo vingi vinafanya kazi, lakini mimi sipigi mbizi nikiwa na saumu na sikumruhusu mwanangu. Mwili kukosa maji ni miongoni mwa mambo ambayo madaktari wa mbizi wanayahesabu kuwa yanaongeza hatari ya ugonjwa wa kupanda, na mtu anayepumua hewa kavu ya mtungi saa moja anapoteza maji mengi bila kujua. Suala la saumu yenyewe muulizeni shekhe wenu.

Ndege

Hili nililiahidi mwanzoni, na kama mtasahau yote, hili lishikeni. Ukipumua hewa ya mtungi chini ya maji, naitrojeni inaingia mwilini na inahitaji muda kutoka taratibu. Ukipanda juu kabla haijatoka, inafanya mapovu kama soda iliyofunguliwa. Mapovu hayo kwenye viungo yanauma, kwenye uti wa mgongo yanapoozesha. Ndani ya ndege shinikizo la hewa hufika la mtu aliye juu ya mlima wa mita 2,400 hivi. Mwongozo unaofuatwa ni huu: baada ya mbizi moja ya kawaida ngoja angalau saa 12, baada ya mbizi nyingi au siku kadhaa mfululizo ngoja angalau saa 18. Mimi na familia yangu tunangoja saa 24 na hatuna mjadala.

Ndege ndogo ya kutoka Pemba kwenda Unguja nayo ni ndege, ihesabuni. Boti ya abiria si tatizo. Na kwa waliopo Oman: ukitoka Daymaniyat mchana usipande Jabal Akhdar jioni kwenda kuchoma nyama. Kule Sayq ni mita 2,000 juu ya bahari, mwili hauulizi umepanda kwa ndege au kwa gari.

Nasema kwa ukali kwa sababu safari ile ya Agosti, siku ya mwisho, yule yule aliyetunyima mbizi tatu alitaka kutufidia kwa mbizi ya saa nane mchana, na ndege yetu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Mwanangu alishavaa suti. Nilikuwa na hamu, nilikuwa nimelipa, na nilihesabu vidole mara mbili nikitumaini hisabu itabadilika. Saa 15, baada ya siku za mbizi. Tulikataa. Mwanangu hakusema nami mpaka uwanja wa ndege.

Kwa hiyo pangeni siku ya mwisho iwe ya nchi kavu: Jozani, au shamba la karafuu na viungo, au makaburi ya wazee. Chumbe nayo ni nzuri kwa siku hiyo. Matumbawe yake yanalindwa tangu 1994 na mitungi hairuhusiwi, miwani na mrija tu.

Kabla ya kulipa

Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni anunue bima ya safari ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima. Someni kama inagusa mbizi, na kama haigusi mkate ya mbizi pekee, si ghali.

Andikieni kituo, si wakala. Waulizeni: kwa tarehe hizi mnapiga mbizi upande gani wa kisiwa? Boti ikigeuza kwa sababu ya bahari, pesa inarudi au inasogezwa siku? Chemba ya kutibu mapovu iliyo karibu iko wapi, na mtatufikishaje? Anayejibu la kwanza kwa kusema "pande zote, wakati wote" mwacheni.

Binti yangu alirudi baharini miaka miwili baadaye, Novemba, mwezi 8, Misali. Nilimpigia mjomba simu kabla ya kukata tiketi. Hakuuliza ndege gani wala hoteli gani. Aliuliza, "Mwezi wa ngapi siku hiyo?" nikamwambia, akasema haya, njooni, na mniletee halwa ya Nizwa, ile isiyo na njugu.